UZAZI WA MAPEMA, SHULE NA UMASKINI: HALI YA WATOTO WETU WA KIKE WA VISIWANI NA KISMAYO

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazee, kina mama na vijana wa jumuiya yetu katika maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Msemaji ni mjumbe wa Kamati anayeshughulikia elimu na mambo ya kina mama. Kamati imeonelea yachapishwe kama yalivyosemwa.)



Kamati imenitaka niseme juu ya watoto wa kike wanaozaa ilhali wenyewe bado ni watoto. Nimepewa nusu saa. Jambo lenyewe ni refu, na mizizi yake iko kwetu kabla ya kuwa hapa kambini, kwa hiyo mniwie radhi nikianzia mbali kidogo.

Leo ni tarehe 16 Juni. Siku hii iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991, kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipokataa kusomeshwa kwa lugha ya waliowatawala. Mwaka huo huo wa 1991 sisi tulikuwa baharini. Siad Barre alikimbia Mogadishu mwezi wa Januari, vita vikateremka mpaka Kismayo, vyombo vyetu vikaporwa, na waliopata mashua au dau lililosalia wakashika njia ya kusini: Ras Kamboni, Lamu, Mombasa. Kambi ya Jomvu ikajaa watu wa Koyama, Chovai, Chula na Kismayo. Kambi za pwani zilipofungwa, Jomvu ikiwa mwaka 1997, wako waliorudishwa visiwani na wako waliochukuliwa Dadaab na Kakuma. Siyataji haya kwa kuhadithia. Nayataja kwa sababu msichana aliyezaliwa Jomvu mwaka 1993 leo ana miaka thelathini na kitu tu, na katika rika lake wako ambao tayari wanaitwa bibi.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Ukisikiliza redio za Kenya zikijadili mimba za utotoni, mara nyingi habari ni ya mwanafunzi aliyepata mimba nje ya ndoa, na mjadala wote unakuwa wa maadili: vijana wameharibika, simu zimeharibu, disko zimeharibu. Kwetu sura ya jambo ni nyingine. Kwetu mama mtoto kwa kawaida ni mke wa mtu. Walii alikuwepo, mashahidi walikuwepo, pilau ililiwa, na wengine wetu tuliokaa hapa tulikwenda na sahani zetu. Kwa hiyo sheikh akikemea zinaa juu ya mimbari, akemee, ni kazi yake na tunamshukuru, lakini atakuwa hajaligusa jambo hili hata nusu yake. Msichana wa miaka 15 aliyeolewa kwa halali kabisa ana mwili ule ule wa miaka 15, na daftari lake linafungwa siku ile ile.

Sasa hesabu kidogo. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliochapishwa na serikali ya Somalia mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika wanawake wa miaka 20 hadi 24, 36 katika kila 100 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Katika wasichana wa miaka 15 hadi 19, 14 katika kila 100 walikuwa wameshazaa au wana mimba ya kwanza. Mwanamke wa Somalia kwa wastani huzaa watoto 6.9. Na katika kila vizazi 100,000, mama 692 wanakufa.

Kenya walifanya uchunguzi kama huo mwaka 2022, wakaona wasichana 15 katika kila 100 wa umri huo walikuwa wamewahi kushika mimba. Mtasema basi tuko sawa na majirani zetu. Lakini fungueni hesabu ya Kenya mtazame ndani. Katika wasichana wasiokwenda shule kabisa waliowahi kushika mimba ni 38 katika 100. Katika waliopita masomo ya sekondari ni 5. Katika nyumba za maskini wa mwisho ni 21, katika nyumba za wenye nafasi ni 8. Nchi moja, serikali moja, redio zile zile na simu zile zile. Kinachowatenga hawa na wale ni daftari na mfuko.

Hapo ndipo watu wanapogombana: kipi kinatangulia? Mimba humtoa msichana shuleni, au shule humwacha kwanza, halafu ndiyo inakuja ndoa na mimba? Nimekaa na kina mama wa bloku zetu muda mrefu, na nitasema ninavyoona mimi, anayepinga atapinga baadaye. Kwa watu wetu, mara nyingi shule imeshamwacha kabla.

Haimwachi kwa siku moja. Ana miaka kumi, mama amejifungua, kuna kichanga na kuna mwenzake wa mwaka mmoja na nusu aliyeachishwa ziwa kabla ya wakati wake. Nani atambeba huyu wa pili wakati mama yuko kwenye foleni ya maji? Dada yake. Kaka yake ana miaka kumi na mbili lakini hatuambiwi kaka abaki. Basi dada anakosa Jumatatu, anakosa Alhamisi. Mwalimu anamfokea kwa kukosa, naye anaona haya, anakosa na Ijumaa. Ukizidisha hesabu ile ya watoto 6.9 kwa nyumba, utaona binti mkubwa wa nyumba maskini ni mama tangu hajavunja ungo. Kulea ameshajifunza, bado kuzaa tu.

Halafu anavunja ungo. Shuleni choo hakina mlango, au kina mlango hakina maji. Nyumbani hakuna pesa ya kununua pedi, na kitambaa cha kuchania nacho ni kanga ya mama. Siku nne tano kila mwezi yuko nyumbani. Mtihani ukija hajui kitu, analazimishwa kurudia darasa, anakaa na watoto wadogo kuliko yeye huku kifua kimeshatoka. Anaacha mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza. Na akishakaa nyumbani miezi sita, majirani wanaanza: huyu kijakazi wenu mkubwa anangoja nini? Posa haimkuti darasani, jamani. Inamkuta jikoni.

Ndiyo maana kuna jambo moja dogo lililofanywa magharibi ya Kenya ambalo napenda kila mzazi alijue. Watafiti walichagua shule kwa bahati nasibu, wanafunzi wa shule nyingine wakapewa sare ya bure, wa shule nyingine wakaachwa kama walivyo. Wakawafuatia wasichana hao miaka saba. Waliopewa sare waliacha shule kwa uchache zaidi, wakaolewa mapema kwa uchache zaidi na wakapata mimba kwa uchache zaidi. Sare tu. Shati na sketi. Hawakupewa mahubiri yoyote pamoja na sketi hiyo. Mimi nikisikia hayo najiuliza ni watoto wangapi wa Kismayo tuliowapoteza kwa bei ya mita mbili za kitambaa.

Sasa nirudi kwetu, maana wengine mtadhani umaskini huu tulizaliwa nao. Watu wa visiwa hawakuwa matajiri lakini walikuwa na mali yao: chombo, nyavu, jarife la papa, nyumba, minazi. Mnajua mgawo wa bahari ulivyo. Mapato yakiuzwa, gharama zinatolewa kwanza. Chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na kinachobaki ndicho mabaharia wanachogawana. Mwenye chombo na nyavu hata akiwa mgonjwa kitandani anapata. Asiye na chombo anapata fungu la mikono yake, na asipokwenda baharini hapati kitu. Vita vilipotunyang'anya vyombo havikutunyang'anya mbao na matanga peke yake. Viliwageuza wenye vyombo kuwa wenye mikono. Na bahari yenyewe ikawa haina mlinzi. Tangu dola ilipoanguka meli za kigeni zimekuwa zikikokota nyavu kwenye maji ya Somalia bila kuulizwa na mtu.

Mchukue basi baba wa namna hiyo. Yuko kisiwani, anavua kwa chombo cha mtu, anadaiwa dukani unga na sukari. Ana binti wa miaka 15 ambaye shule hana, kwa sababu masomo ya juu yako Kismayo, na Kismayo kuna ada na hakuna pa kumlaza. Anakuja mtu na posa. Pengine ni mwenye chombo mwenyewe, pengine jamaa wa yule anayemdai, pengine mtu wa mjini mwenye bunduki ambaye kumkatalia kuna gharama yake. Huyu baba si mwovu. Msimtukane. Anapiga hesabu: kinywa kimoja kitapungua, deni litapoa, na mtoto atakuwa na mtu wa kumlinda mahali ambapo yeye baba hana uwezo wa kumlinda. Tukiwa hatuijibu hesabu hiyo, maneno yote ya semina ni upepo.

Tuijibu. Kwanza mahari. Masheikh mko hapa, mtanisahihisha: mahari ni haki ya bibi harusi, si ya baba wala mjomba wala mwenye duka. Katika nyumba ya deni mahari hayamfikii mwenyewe. Yanaingia dukani. Kwa hiyo anaingia kwa mume mikono mitupu, hana cherehani, hana mbuzi, hana elimu ya kumwezesha kusoma hata kadi ya kliniki.

Pili kinywa. Miaka mitatu minne inapita. Mume amesafiri, au ameoa mwingine, au bahari haikumpa kitu, wamegombana, kamwacha. Talaka kwetu haijawa kitu cha ajabu. Mtalaka wa miaka 19 anarudi kwa nani? Anarudi kwa baba yule yule aliyepiga hesabu ya kinywa kimoja. Aliondoka mmoja, wamerudi watatu. Na baba sasa ni mzee zaidi, na deni liko pale pale. Msichana huyo ataanza kukaanga bajia au kufua nguo za watu, mtoto wake wa kike atabaki nyumbani kumshika mdogo, na hapo mmeshaona tunaelekea wapi kwa mara ya pili.

Kwa hapa kambini hesabu ya kinywa ni mbovu zaidi. Mgao unakwenda kwa kichwa. Ukimwoza binti yako jina lake linatoka kwenye kadi yako na mgao wake unatoka naye. Hukuokoa hata kilo. Najua mgao ulikatwa vibaya mwaka 2025 na sisemi kwamba tunashiba. Nasema kwamba kumwoza hakukushibishi. Wako pia walioozesha kwa tamaa ya safari, kwamba bwana harusi ana kesi ya Marekani na mtoto atachukuliwa. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi Januari 2025. Walioozeshwa kwa ahadi hiyo wamebaki na ndoa, na ndege haikuja.

Kuhusu mwili sitarefusha, kwa sababu vijana wa kiume wako hapa na baadhi ya mama wanatazama chini. Lakini lazima lisemwe. Nyonga ya mtoto wa miaka 14 haijamaliza kukua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mama wa miaka 10 hadi 19 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya maambukizi baada ya kuzaa kuliko wa miaka 20 hadi 24, na watoto wao huzaliwa wadogo na kabla ya siku zao mara nyingi zaidi. Kichwa cha mtoto kikikwama siku mbili tatu, kinachokandamizwa ni kibofu na njia ya haja, na baada ya hapo mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Nasuri. Mume humkimbia, wenzake hawakai naye karibu, yeye anadhani amerogwa. Kumbe inatibika kwa operesheni. Na katika nchi ambayo uchunguzi ule ule wa 2020 ulikuta wanawake 99 katika 100 wametahiriwa, wengi kwa kushonwa, uzazi wa kwanza ni mgumu hata kwa mkubwa, seuze mtoto.

Sasa mweke mtoto huyo Chula au Chovai katika mwezi wa saba. Kusi limesimama, mawimbi yanavunjika kwenye miamba, nahodha mwenye akili hatoi chombo. Chumba cha upasuaji kiko Kismayo. Mkunga wa kisiwa, Mungu amlipe, ana mikono na dua. Katika kaskazi tulivu angefika kwa mashua. Katika kusi anangoja upepo, na uchungu haungoji. Hapa kambini tuna hospitali, gari la wagonjwa huja, na kwa hilo tushukuru. Lakini wale waliobaki nyuma ni ndugu zetu, na wako kati yetu wanaofikiria kurudi na mabinti wa miaka 13 na 14. Mnaporudi, fikirieni na msimu.

Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia juzi: "Mwanangu, mama yangu aliolewa na miaka 14, akatuzaa tisa, na alikuwa mwanamke madhubuti kuliko nyinyi nyote mliosoma." Nilimjibu kwa adabu, na leo namjibu mbele yenu kwa adabu ile ile. Ni kweli mzee wangu. Lakini mama yako aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake. Alipojifungua alikuwa na nyanya zake wawili, mama mkwe, mawifi, nyumba ya mawe au ya makuti iliyo yao, na chombo cha mume pwani. Hakuhitaji kusoma kadi kwa sababu hapakuwa na kadi. Hakuhitaji Kiingereza wala Kisomali cha ofisini kwa sababu hapakuwa na ofisi iliyompangia maisha yake. Binti wa leo anaolewa peke yake, ndani ya hema, ukoo umetawanyika Mombasa, Kakuma, Uingereza. Mzigo ni ule ule, walioushika pamoja naye hawapo. Na kuna jambo lingine: mama yako aliishi, akakuzaa, ukaja kunisimulia. Wale waliokufa kwa uzazi wa kwanza hawana mtoto wa kusimama hapa kuwasimulia.

Juu ya sheria nitasema machache. Sheria ya familia ya Somalia ya mwaka 1975 iliweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa, na msichana wa 16 kwa idhini ya walii. Wazee mnakumbuka ilivyokuja: masheikh kumi walioipinga, hasa kwa habari ya mirathi, walipigwa risasi Januari ya mwaka huo. Sheria iliyopitishwa hivyo watu hawakuipenda hata pale ilipokuwa na jambo la maana ndani yake, na dola ilipoanguka ikaanguka nayo. Hali ya shule inafanana. Mwaka 1972 Kisomali kiliandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini na kikawa lugha ya masomo. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima kwa taifa, lakini mtoto wa kisiwani aliyekulia Kibajuni aliingia darasani kama mgeni, na wa kike, ambaye hakwenda sokoni wala bandarini, alikuwa mgeni zaidi. Baada ya 1991 hata hiyo ikaondoka. Kilichosimama ni chuo. Walimu wa chuo ndio waliofundisha watoto wetu kushika kalamu wakati hapakuwa na serikali, na wanaodhani chuo ni adui wa shule hawakuwepo.

Hapa tulipo, sheria ni ya Kenya. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda kila mtoto aliye katika nchi hii, mkimbizi na asiye mkimbizi. Anayemwoza mtoto anaweza kushitakiwa. Sipendi kuwatisha watu kwa polisi, tumetishwa vya kutosha. Lakini msije mkasema hamkuambiwa.

Na sheria hiyo hiyo ina upande wa huruma ambao wengi hawaujui. Kenya tangu 1994 ina utaratibu wa kumrudisha shuleni msichana aliyezaa, na mwongozo wa mwaka 2020 umeueleza upya: anaweza kubaki darasani kadiri afya yake inavyoruhusu, na akishajifungua arudi. Zanzibar wamewaruhusu warudi tangu 2010. Tanzania Bara walikuwa wakiwafukuza, mpaka Novemba 2021 serikali ilipoondoa katazo hilo. Kwa hiyo mama mtoto wa kambi hii akienda kujiandikisha na mtu akamwambia "wewe ni mke wa mtu, nenda nyumbani", mtu huyo hana sheria nyuma yake. Aje kwa Kamati.

Mtauliza, je, yako mataifa maskini ya Kiislamu yaliyojaribu? Yako. Bangladesh ni watu wa maji kama sisi, wavuvi na wakulima, mafuriko kila mwaka. Mwaka 1994 serikali yao ilianza kuwalipa wasichana wote wa sekondari za vijijini posho ndogo, kwa masharti: uhudhurie siku 75 katika kila 100, upate alama 45 katika mtihani, na usiolewe. Wasichana walijaa madarasani mpaka wakalingana na wavulana. Sitawadanganya kuwa ndoa za mapema zilikwisha. Hadi leo Bangladesh iko katika nchi zenye ndoa nyingi za watoto. Posho humweka msichana darasani, lakini baba mwenye hofu ya usalama na heshima ya binti yake haondokewi na hofu hiyo kwa posho peke yake. Mimi kwangu hilo linaonyesha kuwa tukitafuta sare na pedi tukasahau njia ya kwenda shule, yale matembezi ya alfajiri yenye vichaka pande zote, tumefanya nusu.

Basi Kamati ilikaa mara mbili juu ya jambo hili na imefikia haya ninayowaletea. La kwanza, na kwangu ndilo zito, ni kwamba watoto wetu waliokwisha kuzaa warudi darasani. Kikwazo chao kikubwa ni kichanga. Tumepata ruhusa ya kujenga kivuli cha makuti na turubai karibu na shule, na mama wazee wanane wamejitolea kushika watoto kwa zamu mpaka mapumziko ya kunyonyesha. Tunahitaji wengine wanane. Waume wa wasichana hao, wengine wenu mko hapa: hatuwavunjii ndoa zenu. Mke anayejua kusoma dozi ya dawa ni faida yako wewe kwanza. Na uzazi wa pili ukicheleweshwa miaka miwili mitatu, kwa njia ambayo nyinyi wawili na daktari mtaikubali, mwili wake utapata kupumzika na yeye atapata kumaliza darasa.

Masheikh wanaofungisha ndoa tumewaomba waulize karatasi ya usajili kabla ya kusoma khutba ya nikahi, na watatu wamekubali. Wawili wamesema watafikiri. Tutawarudia. Na kina mama wa kikundi cha mikeka wameamua fungu moja katika kila kumi la mauzo liwe la sare na pedi za wasichana wa darasa la sita kwenda juu, kwa sababu huko ndiko wanakodondoka. Ni kidogo, najua. Ukindu siku hizi unatoka pwani kwa gari na bei yake mnaijua. Lakini mwezi uliopita kidogo hicho kilishona sare kumi na moja, na kumi na mmoja hao wako shuleni, nimewahesabu mwenyewe asubuhi kabla ya kuja hapa.

Lipo moja ambalo Kamati haikukubaliana, nami nalileta kwenu mlitolee maoni: kama familia itakayomwoza binti chini ya miaka 18 isialikiwe shughuli na isihudhuriwe harusi yake. Wako waliosema ni adhabu nzuri kwa sababu haina polisi. Wako waliosema atakayeumia ni yule yule binti, atakayekaa bila ya mtu wa kumzuru. Mimi nilikuwa upande wa hawa wa pili, lakini nitafuata mtakaloamua.

Karatasi ya majina ya zamu za kivuli iko kwa Katibu, itabaki wazi mpaka baada ya Asri. Mzee aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja umri wa ndoa, nafasi sasa ni yako, na kina mama wa safu ya mbele watafuata.